Mkwe Aliyefunga kwa Jua la Miji Miwili

Shamsia binti Abdalah alikuwa mtu wa Pangani, na hakumpa mtu yeyote nafasi ya kulisahau jambo hilo. Alipoolewa na Nurudini, mwenye duka la vitenge karibu na soko la Kasulu, alishuka kwenye basi kachoka hoi, baibui limegeuka rangi kwa vumbi jekundu, na bado neno lake la kwanza katika mji wa mumewe lilikuwa kumsahihisha utingo.

"Mama, begi yako hii hapa," utingo alimwambia.

"Begi lako," akasema Shamsia. "Lako. Hili hapa."

"Si la kwangu, mama, ni ya kwako," utingo akajibu, akamwachia na kuondoka.

Mtaani walimpenda hivyohivyo alivyo. Asubuhi walimsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," naye akaitikia "Sabalkheri," kila upande ukidhani umemfundisha mwenzake adabu. Mama mkwe wake, Bi Faudhia, alikuwa Muha wa kijiji cha Kitanga aliyeolewa mjini miaka mingi, mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache na macho mengi. Alimpokea mkwe vizuri, akampa chumba chenye dirisha la kutazama vilima, akanyamaza akimsoma. Nurudini naye alikuwa mpole kupita kiasi. Kati ya mama na mke alikaa kama kitambaa kwenye meno ya mkasi, akiomba tu kila mtu akate taratibu.

Shamsia alikosa vitu vingi vya kwao: nazi, joto, kelele za ndugu. Faraja yake ilikuwa redio ndogo aliyopewa na baba yake, ambayo haikutoka kwenye stesheni moja ya Dar es Salaam. Akiisikia, alijiona yuko barazani kwao. Kwa hiyo Ramadhani ilipoandama, miezi michache tu tangu aolewe, yeye hakuwa na wasiwasi. Redio ipo. Itaadhini, naye atafunga na kufungua kama alivyofunga na kufungua tangu utoto.

Alfajiri ya kwanza walikaa jikoni wanakula daku, wali uliobaki na maharage ya mawese. Redio ikaadhini. Shamsia akaweka kijiko chini, akasukutua. Bi Faudhia na Nurudini wakaendelea kutafuna kama hawakusikia kitu. Bi Faudhia hata akajiongezea chai. Shamsia akainamisha uso. Alikuwa mkwe mpya, na mkwe mpya hamwambii mama wa watu kwamba funga yake imeshaharibika kabla haijaanza. "Bara," akawaza, "Mungu atawasamehe."

Muda ukapita, chai ikaisha, ndipo msikiti wa mtaa nao ukaadhini. Sauti ilikuwa ya Mzee Salumu, fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyekuwa muadhini wao.

"Huyu mzee ana usingizi mzito," Shamsia alimwambia mumewe walipokuwa peke yao.

"Mm," akasema Nurudini, ambaye naye alikuwa na usingizi mzito.

"Mtu akiadhini kachelewa hivi, si anawaharibia watu? Mnunulie saa ya kengele. Tumpe iwe sadaka ya Ramadhani, hatajisikia vibaya."

Nurudini hakupenda mabishano kabla ya jua kuchomoza. Mchana akanunua saa ya kengele sokoni, nyekundu, yenye miguu mitatu, akampelekea Mzee Salumu. Mzee aliigeuzageuza, akashukuru, akaombea ndoa yao.

Sasa jioni ndiyo ikaja. Shamsia alikuwa amepika tangu adhuhuri: uji wa pilipili manga, kaimati, tambi za sukari. Mikono ilinuka iliki, tumbo lilikuwa likiimba. Alibeba sinia mpaka barazani, akaweka redio pembeni, akakaa. Redio ikaadhini magharibi. Shamsia akasema bismillahi, akatia tende mdomoni, akafuatisha na uji, akafumba macho kwa raha.

Alipoyafumbua, fundi cherehani Leonidasi, aliyeshonea kwenye baraza hiyohiyo ya nyumba na duka lao, alikuwa amesimamisha mguu juu ya pedali anamkodolea macho. Leonidasi alikuwa Mkatoliki, lakini miaka yote ya kushona kanzu za Idi ilikuwa imemfundisha taratibu za watu.

"Dada," akasema, "naona umeacha."

"Nimeacha nini?"

"Kufunga." Akanyoosha mkasi kuelekea magharibi. "Izuba si lile pale?"

Shamsia akageuka. Juu ya vilima jua lilikaa zima, la njano, limenona kama kiini cha yai, halina haraka yoyote. Mwanga wake ulimpiga usoni, ukapiga bakuli la uji, ukapiga tende ya pili aliyokuwa ameishika kati ya vidole.

Bi Faudhia alitokea mlangoni. Akatazama jua. Akatazama bakuli.

"Nani amekwambia kumekuchwa?" akauliza.

"Redio, Mama."

"Redio imekwambia limezama. Na macho yako yamekwambia nini?"

"Lakini Mama, saa ni ileile Tanzania nzima!" Shamsia alisema. "Saa ya ukutani na ya redio ni sawasawa. Kama Dar kumekuchwa, hapa kwa nini kusikuchwe?"

Lilikuwa swali zuri, na barazani pale hapakuwa na mtu wa kulijibu. Bi Faudhia alifikiri kidogo. "Sijui," akasema. "Jua la huku ndivyo lilivyo. Linakwenda likitaka. Utailipa siku hii baada ya Idi." Akachukua kawa, akafunika sinia, bila ukali, kama mtu anayefunika mboga isiingie nzi.

Shamsia aliingia chumbani akalia, zaidi kwa aibu kuliko njaa. Shuleni alikuwa amefundishwa kwamba dunia ni mviringo na inajizungusha. Aliyajibu kwenye mtihani, akapata alama zake, kisha akayaacha hukohuko darasani pamoja na chaki. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja yatamfuata mpaka kwenye bakuli la uji.

Tangu siku ile akawa anangoja jua la Kasulu lizame kwa macho yake. Alilitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga. Lakini alfajiri hakubadilisha kitu. Alfajiri ni giza huku na giza kule. Giza halimsuti mtu. Redio ikiadhini aliweka kijiko chini, wenzake wakaendelea kula, naye akaendelea kuwasamehe moyoni.

Bi Faudhia, kwa upande wake, aliyaona haya na akayapima. Kila alfajiri chakula kingali kingi, usiku ungali mbichi, na mkwe wake anaacha kula mapema kuliko wote, anainamisha uso, hasemi neno. Yule mama hakuwa mwepesi wa kusifu mtu. Lakini kwenye darasa la wanawake baada ya alasiri, neno likamtoka: "Yule mtoto wa Pangani niliyemdharau kwa uji, kumbe ni mcha Mungu. Anafunga mdomo sisi tunatafuna. Anaongeza mwenyewe." Wanawake wakasema mashaallah. Habari ikazunguka mtaa. Shamsia akaanza kuona watu wanampisha njiani, na mke wa Mzee Salumu akamwomba amwombee dua mjukuu wake anayekaribia mtihani. Hakuelewa sababu. Alidhani ni Kiswahili chake.

Mambo yalizidi kuharibika kwa simu. Mama yake Shamsia, Bi Safina, alipiga kila jioni kutoka Pangani.

"Tumeshafuturu, tumeshaosha vyombo, wenzako wanajitayarisha kwenda tarawehe," alisema. "Nyie mmekula nini?"

"Bado, Mama. Jua halijazama."

"Halijazama? Huku giza totoro."

"Huku lipo. Naliona."

Jioni ya kwanza Bi Safina alicheka. Ya pili hakucheka. Ya tatu aliomba azungumze na mkwewe.

"Nurudini, mwanangu," alisema kwa ile sauti tamu ambayo watu wa pwani huitumia kabla ya kuchinja, "hebu niambie. Nilikupa mtoto ana mashavu. Unamfuturisha saa ngapi?"

"Jua likizama, Mama."

"Na huko kwenu jua halizami?"

"Linazama, Mama. Linachelewa tu."

"Limepanda basi la wapi?"

Nurudini alimrudishia mkewe simu huku jasho likimtoka, na Kasulu jioni ni baridi.

Siku ya soko, Shamsia alikwenda Makere na mzigo wa vitenge, kwa sababu Nurudini alikuwa na homa, au alisema ana homa. Mteja wake wa kwanza alikuwa Laurentine, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyeuza sabuni za vipande sokoni pale kila alipopata kibali cha kutoka. Zamani, kabla ya vita, alikuwa mwalimu huko Uvira. Alipenda vitenge kwa macho zaidi ya mfuko. Alivishika, akavisifia, akavikunja vizuri kuliko mwenye duka.

"Mama, uso yako leo iko mubaya," akasema. "Nani amekuuzi?"

Kwa mara ya kwanza Shamsia hakusahihisha ngeli. "Jua," akasema, akammwagia yote: redio, tende, mama yake, jua linalochelewa.

Laurentine alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi kwa furaha. "Jua haichelewake hata kidogo! Jua iko pale yake. Ni sisi tunazunguka. Bo! Mimi nilifundishaka jeografi. Ngoja."

Akaazima boga la mviringo kwa mwanamke wa jirani. Akachukua punje mbili za maharage, nyeupe na nyekundu, akazibandika ubavuni mwa boga kwa sabuni iliyolowa, nyeupe kuume kwa nyekundu. Akaliinua juani.

"Boga ni dunia. Jua ni ile ya Mungu, atuna haja ya taa. Ona: upande moja iko na mwanga, upande ya nyuma iko na giza. Punje nyeupe ni kwenu Pangani, iko mashariki. Nyekundu ni huku. Sasa dunia inazunguka, polepole, kwenda mashariki."

Akalizungusha. Punje zote mbili zilikuwa zinang'aa. Kisha nyeupe ikafika kwenye ukingo, ikaingia kivulini. Nyekundu bado ilikuwa inaota jua.

"Vwala! Mama yako anakula. Weye unangoja."

Shamsia aliinama mpaka pua ikakaribia boga. "Rudia," akasema. Laurentine akarudia. Nyeupe gizani, nyekundu juani. Akazungusha kidogo tena, nyekundu nayo ikaingia. Shamsia akaelewa kwamba jua halikumchukia, wala Kasulu haikumwonea. Ni kwamba yeye na mama yake walikuwa wamekaa viti viwili vya gari moja, na kona mama anaifikia kwanza.

"Lakini basi ni dhuluma," akasema baada ya kufikiri. "Watu wa Kasulu wanafunga zaidi ya watu wa Pangani. Zaidi ya nusu saa, kila siku!"

"Hapana. Angalia asubuhi." Laurentine akaendelea kuzungusha mpaka punje zikatokea upande wa pili. Nyeupe ikatoka gizani kwanza, nyekundu ikafuata. "Pangani inaamka mbele, inalala mbele. Huku munaamka nyuma, munalala nyuma. Funga ni sawasawa. Weye asubuhi unaachaka kula saa ngapi?"

"Redio ikiadhini."

"Redio ya Dar?"

"Ya Dar," akasema Shamsia, na neno lilipokuwa linatoka akalisikia mwenyewe.

Laurentine alitazama boga. Akamtazama Shamsia. Akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakitikisika, mpaka punje nyekundu ikadondoka. "Mama! Asubuhi uko Pangani, magaribi uko Kasulu! Unafunga miji mbili! Katika Tanzania mzima akuna mutu anafunga murefu kama weye!"

Shamsia alitaka kukasirika, ikashindikana. Alicheka mpaka akakalia mzigo wa vitenge. Kisha akakumbuka saa nyekundu ya Mzee Salumu, akajifunika uso kwa ushungi.

"Na mwezi je?" akauliza alipopata pumzi. "Nao ni vivyo hivyo?"

Laurentine alikuwa amepata mwanafunzi, na mwalimu hawezi kumwacha mwanafunzi anayeuliza. Akampa limau. "Nyoosha mukono, ulishike mbele ya uso. Kichwa yako sasa ni dunia, limau ni mwezi. Zunguka pole, kila saa unatazama limau."

Shamsia akazunguka katikati ya soko la Makere, mkono mbele. Alipoelekea jua, upande wa limau uliomtazama ulikuwa na kivuli kitupu. Alipogeuka kidogo, ukingo mwembamba wa mwanga ukaonekana, umepinda kama ukucha.

"Mwezi mwandamo!" akapiga kelele.

"Endelea."

Akaendelea. Ukucha ukanenepa, ukawa nusu, na alipolipa jua kisogo, limau lote likang'aa, mwezi mpevu. Akazunguka tena, ukapungua. Limau lilikuwa lilelile, nusu yake inawaka daima. Aliyebadili pa kulitazamia ni yeye.

Watu walikuwa wamekusanyika. Wengine walidhani ni uganga, wengine wakadhani ni tangazo la bei mpya, na hawa wa pili wakaanza kuchagua vitenge. Shamsia aliuza siku ile kuliko Nurudini alivyowahi kuuza akiwa mzima. Kimoja alimkunjia Laurentine, cha ndege wa bluu alichokuwa akikishikashika, naye Laurentine alikataa mara mbili kwa heshima kisha akakifunga palepale juu ya gauni.

Njiani kurudi Shamsia alipanga namna ya kusema. Alipofika alimkuta Bi Faudhia anachambua mchele, akakaa chini mkekani, akasema bila kupamba. Redio alfajiri. Jua jioni. Si ucha Mungu. Ni kutojua.

Bi Faudhia aliendelea kuchambua. Alitoa chuya moja, akatoa kokoto. Kisha ungo ukaanza kutikisika, na mchele ukaanza kumwagika, na Shamsia akaona kwa mshangao kwamba yule mwanamke mkavu anacheka, machozi yanamtoka.

"Mwanangu," akasema, "nimeshawaambia wanawake wa mtaa mzima."

"Nitawaeleza, Mama."

"Thubutu! Ukinivua nguo mbele ya mke wa Salumu nitarudi Kitanga." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Ule daku na sisi. Wakiuliza, nitasema nimekukataza mimi, nimekuona unakonda."

Na hivyo ndivyo ilivyosemwa, na sifa ikagawanyika: Shamsia akabaki mcha Mungu, Bi Faudhia akawa mama mkwe mwenye huruma, na hakuna aliyekosa. Kwa Mzee Salumu, Shamsia alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Mzee alikuwa anaziba pancha.

"Ile saa?" akasema. "Nzuri sana. Huniamsha usingizi wa mchana. Kwa alfajiri situmii, miaka yote huamka mwenyewe." Hakuuliza kwa nini alipewa, na Shamsia, baada ya kufungua mdomo, aliufunga.

Alibaki Bi Safina. Maneno ya boga na punje hayakumwingia kwenye simu. "Mwanangu wamekulisha nini?" aliuliza kwa uchungu. Ndipo Nurudini, ambaye homa yake ilikuwa imepona, alipopata wazo lake la pekee la mwezi ule. Alisubiri jioni, akapanda na mkewe kilima cha nyuma ya soko palipo na mtandao mzuri, wakapiga simu ya picha.

Bi Safina alitokea kwenye kioo, uso nusu kwa mwanga wa balbu, nyuma yake giza na taa za jirani. Shamsia aligeuza simu.

Ukasikika ukelele Pangani. "Lahaula! Jua! Jua hilo, mchana kweupe! Njooni, njooni mlione!" Uso wa Bi Safina ukapotea, ukaja wa shangazi, ukaja wa jirani mwenye nyumba ya pili, watu wameshiba futari wanagombea kuliona jua waliloliaga kitambo. "Kumbe mlikuja kulichukua nyie," akasema shangazi. Bi Safina aliporudi sauti ilikuwa imelainika. "Basi ngoja, mama yangu. Subiri liishe. Mimi nitakaa nawe hapa hapa." Akakaa kwenye simu, wakazungumza mambo ya vitunguu na ndoa za watu, mpaka jua likazama Kasulu na binti yake akatafuna tende mbele ya macho yake.

Walifanya hivyo karibu kila jioni iliyobaki. Mwezi wa Idi ulipotafutwa, Pangani kulikuwa na wingu zito. Kasulu mvua ilikuwa imepita mchana na mbingu imesafika. Shamsia alikuwa wa kwanza kuuona, ukucha mwembamba juu ya vilima, mahali palepale alipoujua kutoka kwenye limau. Akashika mkono wa Bi Faudhia, akauelekeza, na Bi Faudhia akasema "Ukwezi," kwa Kiha, taratibu, na Shamsia akalirudia neno lile vizuri.

Mwaka uliofuata, Bi Safina alikuja Kasulu mwenyewe kumwona mjukuu, na safari ikamkutanisha na Ramadhani. Siku ya kwanza alisimama uani, mikono kiunoni, akalitazama jua. Akaingia ndani, akatoka. Akaingia tena, akatoka tena.

"Hivi hili lenu," akamwambia Bi Faudhia, "haliendi?"

"Linakwenda," akasema Bi Faudhia, akamsogezea kigoda karibu na chake. "Kaa tu."

Akakaa. Ndani mtoto alikuwa analia na Shamsia anambembeleza huku anageuza kaimati. Wale mama wawili wakanyoosha miguu, wakalikazia macho jua, mmoja kwa hasira na mwingine kwa mazoea, wakingoja liguse kilima.